Mwenye Watu Hasimami Mapema

Tarehe 2 Mei 2015, asubuhi, Catherine, mke wa Mwanamfalme William, alijifungua mtoto wa kike katika Hospitali ya St Mary's, London. Jioni ya siku hiyohiyo akatoka nje ya mlango wa hospitali amevaa gauni jeupe lenye maua ya njano, viatu vya visigino, nywele zimetengenezwa, mtoto mikononi. Akawapungia watu mkono, akaingia garini, akaenda kwake. Waingereza wengi walimsifu. Huko China picha zile zilizunguka mitandaoni na kuzua mjadala wa aina nyingine kabisa. Miguu iko wazi kwenye upepo? Mama yake yuko wapi? Nani kamruhusu kusimama?

Picha ni ileile. Upande mmoja watu waliona mwanamke shupavu. Upande wa pili wengi waliona mwanamke asiye na watu wa kumtunza, na wakastaajabu kwamba jambo hilo linaweza kumpata hata mke wa mwanamfalme.

Mimi ni mkunga. Nimezaliwa Pangani, nikasomea kazi yangu Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa niko katika wodi ya wazazi kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, mji wenye Wachina wengi: wanafunzi wa shahada za juu, wahandisi, wapishi, wenye maduka. Mjadala ule wa mwaka 2015 naukuta kazini, mdogo mdogo, kitanda kwa kitanda. Nimeona mengi yakiandikwa kuhusu Wachina na watu wa Magharibi kutoelewana: namna ya kupokea zawadi, kula kwa kelele, kusema ndiyo ukimaanisha hapana. Hayo hupita. Mtu huchekea, hujifunza, husahau. Kinachotokea kwenye wodi ya wazazi hakipiti hivyo, kwa sababu hapo kila upande unaamini kwamba mwenzake anaweza kumdhuru mama.

Wachina wanaita zuo yuezi, yaani kukaa mwezi. Mzazi hukaa ndani siku thelathini, na aliyepasuliwa huongezewa hadi arobaini au zaidi. Hagusi maji ya baridi. Hali kitu kibichi wala kilichotoka kwenye friji. Hapigwi na upepo, kwa hiyo madirisha hufungwa, kichwani huvaa kofia au kitambaa, miguuni soksi nene. Wanaoshika mila sawasawa hawaoshi nywele mwezi mzima. Wasioshika sana hujifuta kwa maji yaliyochemshwa na tangawizi. Hasomi kwa muda mrefu, habebi kizito, hainami kufua. Na halii, kwa kuwa machozi ya mwezi ule, wanasema, huja kuyadai macho uzeeni.

Halafu kuna chakula, na hapo ndipo penyewe. Watu wa Guangdong, kusini mwa China, hupika miguu ya nguruwe kwa tangawizi nyingi, siki nyeusi tamu na mayai, kwenye chungu kikubwa kinachopashwa moto siku hadi siku, na kila anayekuja kumtazama mtoto hupewa bakuli lake. Taiwan ni kuku aliyepikwa kwa mafuta ya ufuta na pombe ya mchele. Kaskazini ya China ni uji wa nafaka ndogo ya njano inayofanana na ulezi, pamoja na sukari guru na mayai. Na karibu kila mahali kuna supu ya samaki wa mtoni, iliyochemka mpaka ikawa nyeupe, ya kuongeza maziwa. Mwezi ukitimia, mtoto hunyolewa, jamaa hualikwa, na mayai yaliyotiwa rangi nyekundu hugawiwa.

Maelezo ya tabibu wa Kichina ni kwamba damu ni joto. Aliyejifungua amemwaga joto lake. Mwili umebaki baridi na milango yake iko wazi. Ubaridi ukiingia wakati huo hukaa ndani ya viungo na kujitokeza baada ya miaka. Mwanamke wa Kichina wa miaka sitini anayeumwa goti atakwambia bila kusita ni mtoto yupi aliyemzaa ambaye mwezi wake haukukaliwa vizuri.

Niliposimuliwa haya mara ya kwanza sikuhitaji kuelezwa sana. Kwetu Pangani mzazi hukaa arobaini. Bibi yangu alikuwa mkandaji anayejulikana mtaa mzima: maji ya moto, kitambaa kizito, tumbo, kiuno, mgongo, asubuhi na jioni, kisha mkaja unafungwa tumboni barabara. Uji wa pilipili manga. Supu ya kuku wa kienyeji. Udi chini ya kitanda. Mtoto hatolewi nje ovyo mpaka siku zitimie. Wenzetu wa Kilimanjaro mzazi wao alikaa hata miezi mitatu akila mtori na nyama, kazi yake ni kunyonyesha na kunenepa. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza nilimzalia nyumbani kwa wazazi, na katika siku zile sikushika ndoo wala ufagio. Kwa hiyo nilipomwona mama mkwe wa Kichina anaingia wodini na chupa mbili za chai, moja ya supu na moja ya maji ya moto, amemfunika mkwewe mpaka kidevuni mwezi Juni, wenzangu walitazamana. Mimi nilimwamkia.

Sasa tazama wodi yetu ilivyo. Mzazi akishatoka chumba cha kujifungulia huletewa chai na mkate wa kubanika uliopakwa siagi. Waingereza wengi hawausahau mkate ule. Nimewaona wakiula huku machozi ya furaha yanawatoka. Pembeni ya kitanda huwekwa jagi la maji ya bomba. Dirisha hufunguliwa kidogo hewa iingie. Zikipita saa chache tunamhimiza aamke, aende msalani, aoge, atembee kidogo kwenye ujia. Huo wote ni upole. Mkunga Mwingereza anayemwambia mzazi "nenda kaoge, utajisikia mtu tena" anampa kitu ambacho yeye mwenyewe angekitamani. Na mama mkwe aliyeketi pale, ambaye tangu alfajiri amemhesabia mkwewe damu iliyotoka, anasikia mtu mwenye sare ya serikali akimwamuru mwanamke aliye wazi mwili mzima akasimame chini ya maji na upepo.

Baada ya hapo huja kalamu. Nimesoma kwenye faili maneno kama haya: amekataa kuoga; hataki kunyanyuka; mtoto anashikwa muda wote na bibi, mama haonyeshi ukaribu na mtoto. Sentensi hii ya mwisho ndiyo inayonitia hofu. Katika hospitali za hapa, mama asiyeonyesha ukaribu na mtoto wake ni jambo la kufuatiliwa, na likifuatiliwa na mtu asiyejua, hufika kwa maofisa wa ustawi wa jamii. Wanawake walioandikwa hivyo, niliowahudumia mimi, walikuwa na akili timamu na mapenzi tele kwa watoto wao. Walikuwa wanafanya kazi waliyopewa na mama zao, kazi ya kulala. Bibi kumshika mtoto ni sehemu ya matibabu ya mama.

Upande wa pili nao una faili lake, ingawa halijaandikwa. Bibi mmoja kutoka Fujian, niliyemwita ayi kama wanavyowaita wanawake wa makamo kwao, aliniuliza kupitia mwanawe: "Hawa mabinti wanaofanya kazi hapa, hawana mama? Hakuna mtu mzima wa kuwaambia?" Hakuwa anatukana. Alikuwa anawahurumia wakunga. Alidhani wamelelewa bila watu.

Mkwewe, yule mzazi, alikuwa mwanamke msomi, mpole, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Mkunga kijana alimwomba mara kadhaa aende kuoga. Mwisho akakubali kwa tabasamu, akachukua taulo, akaingia bafuni, akafungua bomba. Maji yakamwagika kwa muda wa kutosha. Akatoka, taulo imelowa pembeni, nywele kavu. Kwenye faili ikaandikwa kwamba ameoga. Mama mkwe aliona nywele kavu akatulia. Mkunga aliona taulo mbichi akatulia. Siku ileile wakamruhusu kwenda nyumbani, na kila upande ukaamini umemlinda.

Nimekaa sana na kisa kile. Mtu akiniuliza kutoelewana kati ya Wachina na watu wa Magharibi kuna sura gani, ndiyo hiyo. Hakuna ugomvi. Hakuna sauti iliyopanda. Mwanamke mmoja aliyetoka kuzaa amebeba mzigo wa kuwaridhisha watu wawili wanaompenda, na ameubeba akiwa amesimama kando ya maji yanayomwagika bure.

Niseme pia kwa nini wodi inahimiza mzazi asimame, maana wasomaji wangu wa nyumbani wasije wakadhani Wazungu wana roho ngumu. Ujauzito huifanya damu igande upesi; ndiyo kinga ya Mungu mama asife kwa kuvuja. Lakini hali hiyo haiondoki siku ya kujifungua. Kwa wiki kadhaa donge la damu linaweza kujijenga kwenye mguu uliolala tu, likapanda hadi kwenye mapafu, na mama akafa ghafla. Zamani wanawake wa Ulaya wenye uwezo walilazwa wiki mbili au zaidi baada ya kuzaa. Katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, vitanda vikiwa haba, madaktari walianza kuwaamsha wagonjwa mapema na wakaona wengi wanapona vizuri zaidi. Tangu hapo kusimama mapema kukawa kanuni. Mimi naifundisha kanuni hiyo na ninaiamini. Kadhalika kuosha mshono. Kidonda kilichofungiwa kwenye joto bila maji hunuka, huoza, na homa ya uzazi imewazika wanawake wengi mno, kwetu na kwao.

Na Ulaya nayo ilikuwa na arobaini yake. Hili wenzangu kazini huwa hawaamini mpaka niwafungulie Biblia. Mambo ya Walawi sura ya 12 inampa mama wa mtoto wa kiume siku saba na nyingine thelathini na tatu, jumla arobaini. Wa mtoto wa kike mara mbili yake. Kanisa likaihesabu kwa Bikira Maria: kutoka tarehe 25 Desemba, siku ya arobaini ni tarehe 2 Februari, na sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni bado iko kwenye kalenda. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza kina ibada ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua, na hadi karne ya 20 zilikuwapo familia ambazo mzazi hakuingia nyumba ya jirani kabla ya kwenda kanisani kwanza. Bibi kizee mmoja wa hapa aliniambia mama yake hakwenda hata dukani, majirani walimletea. Hata leo daktari hapa humwita mzazi kumpima baada ya wiki sita. Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Hesabu imebaki, watu wameondoka.

Waliondokaje? Katikati ya miaka ya 1930 zilipatikana dawa za salfa, na baadaye penisilini, homa ya uzazi ikapungua sana. Uzazi ukahamia hospitali. Kitanda cha wiki mbili kikaonekana hakina faida, na kitabibu kweli hakikuwa nayo. Lakini kuzunguka kitanda kile walikuwapo dada, shangazi, jirani, mtu wa kukoroga uji na mtu wa kumpeleka mkubwa shule. Walikuja kwa sababu mama amelala. Mama aliposimamishwa, hawakuwa tena na sababu ya kuja. Madaktari waliondoa kitanda kwa nia njema kabisa, na wale watu wakaondoka nacho. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba waondoke.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema. Kusimama mapema kuna maana mbili zinazopingana. Kwa Mwingereza, kusimama ni ushahidi kwamba mwanamke ana nguvu, na kusaidiwa sana huanza kunuka udhaifu. Kwa Mchina, kulala ni ushahidi kwamba mwanamke ana watu, na kusimama upesi ni uyatima unaoonekana na kila mpita njia. Maji ya moto na soksi ni alama tu. Wanabishana juu ya jagi, wakati swali ni kama mama ni mtu mmoja au ni sehemu ya nyumba.

Tena Magharibi si mahali pamoja. Marekani ilifika mahali ambapo makampuni ya bima yalikuwa yanawatoa wazazi hospitali upesi mno, mpaka ikatungwa sheria mwaka 1996 kwamba bima isipunguze chini ya saa 48 kwa aliyejifungua kawaida na saa 96 kwa aliyepasuliwa. Likizo ya uzazi yenye malipo kwa nchi nzima haipo huko. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye sifa wiki 12 bila mshahara. Uingereza mama anaweza kukaa hadi wiki 52 bila kupoteza kazi, lakini baba hupewa wiki mbili tu za malipo kidogo, kisha mlango unafungwa na mama anabaki na ukuta. Ujerumani sheria inamzuia mama kufanya kazi wiki nane baada ya kujifungua, na mkunga humfuata nyumbani. Uholanzi ndiyo iliyonigusa zaidi: mhudumu wa uzazi hupelekwa nyumbani kwa siku nane hivi, anampima mama na mtoto, anafundisha kunyonyesha, anasafisha, anaandaa chakula, anawapokea wageni, na sehemu kubwa ya gharama iko kwenye bima ya lazima. Nilipomweleza ayi mmoja habari za Uholanzi alisema, "Basi hao ni watu."

Ila sitaki kuipaka China rangi ya dhahabu. Wazazi wa Kichina hunieleza mambo usiku, mama mkwe akiwa ameenda kulala. Mwezi ule unaweza kuwa gereza. Walio wengi kati yao ni mtoto pekee kwao, kizazi cha sera ya mtoto mmoja iliyoanza mwaka 1980 na kuachwa mwishoni mwa 2015. Maana yake mama mzazi ana binti mmoja tu wa kumkalia mwezi duniani, na mama mkwe ana mjukuu mmoja tu wa kumshika. Wanawake China walistaafu wakiwa na miaka 50 au 55 mpaka mageuzi yalipoanza taratibu mwaka 2025, kwa hiyo bibi hawa bado wana nguvu zote na muda wote. Wawili hao wanapokutana jiko moja, binti aliye kitandani husikiliza masufuria yakipigwa. Ndiyo sababu moja ya wanaojiweza kukimbilia vituo vya kukalia mwezi, vilivyoanza Taiwan kisha vikaenea miji mikubwa ya China, vyenye wauguzi na wapishi, na bei inayoweza kumeza mishahara ya miezi. Wengine huajiri yuesao, mama wa kazi hiyo maalumu, anayelala nyumbani mwezi mzima.

Na zipo hatari za kweli. Magazeti ya China yenyewe yameripoti wazazi waliokufa kwa joto wakati wa kiangazi, wamefunikwa mablanketi, dirisha limefungwa, feni imezimwa. Hapo mimi sina lugha ya kidiplomasia. Namwambia bibi waziwazi: fungua dirisha, mpe maji mengi, mtoe blanketi. Kuhusu nywele namwambia osha kwa maji ya moto na ukaushe upesi. Wengi hukubali wakiona kwamba nimeanza kwa kuisifu supu.

Kuhusu maji ya moto yenyewe, sioni kwa nini tubishane hata dakika moja. Wenzangu huyaita imani za kizamani, na hawajui kwamba sehemu kubwa ya desturi ile ni afya ya jamii ya karne ya 20. Mwaka 1934 serikali ya Chiang Kai-shek, iliyotawala China kabla ya wakomunisti, kwenye kampeni yake ya Maisha Mapya, iliwahimiza watu usafi pamoja na kunywa maji yaliyochemshwa; mwaka 1952 serikali ya kikomunisti ikaanzisha kampeni ya kizalendo ya afya, na kuchemsha maji kukafundishwa mashuleni na viwandani. Watu walisikia, na matumbo yao yakapona. China hiyohiyo ilifungua shule yake ya kwanza ya taifa ya wakunga Beijing mwaka 1929, chini ya Dk. Yang Chongrui, na ilikuwa na Dk. Lin Qiaozhi, aliyezalisha watoto zaidi ya elfu hamsini kabla ya kufariki mwaka 1983. Hawa hawakuwa watu wasiojua vijidudu. Chupa ya chai kando ya kitanda inabeba historia ya hospitali kama ilivyo na ya bibi.

Sasa nifike kwenye karatasi. Uingereza tunampima mzazi huzuni kwa dodoso la maswali 10 liitwalo kipimo cha Edinburgh, lililochapishwa mwaka 1987. Wasomaji wa Afrika Mashariki wafurahi kujua kwamba mmoja wa waliolitunga, daktari wa akili John Cox, kabla ya hapo alifanya utafiti kwa wazazi wa Kasangati, karibu na Kampala. Huko alisikia Waganda wanavyouelezea ugonjwa wa mzazi uitwao amakiro, na akakuta wanawake wenye huzuni nzito huko pia, kama Scotland. Kipimo kile kina mizizi kwetu. Lakini swali lake la tisa linauliza kama mama amekuwa na huzuni hadi ya kulia. Mwulize hivyo mwanamke ambaye mama mkwe ameketi pembeni na ambaye amekatazwa kulia mwezi mzima. Atajibu nini? Watafiti wa Hong Kong walipolijaribu toleo la Kichina miaka ya 1990, waliona mstari wa kushtukia, ambao mama akiuvuka huchunguzwa zaidi, unafaa kuwekwa kati ya alama 9 na 10, wakati Uingereza ulikuwa kati ya 12 na 13. Mwanamke mwenye alama kumi, ambaye huku angeambiwa yuko salama, kule wangemtazama tena.

Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Barbara Pillsbury, aliyeandika mwaka 1978 baada ya kuwahoji Wachina kuhusu mwezi huu, alidhani uangalizi ule unawakinga wazazi na huzuni. Nilitamani iwe hivyo tu. Tafiti za baadaye zimekuwa na majibu mchanganyiko, na ninachokiona kitandani kinakubaliana nazo: mwezi unamponya mama anayetunzwa na mtu anayempenda, na unamvunja anayelindwa na mtu anayemhesabia makosa. Nimeona yote mawili ndani ya wiki moja.

Kipindi cha korona kilinifundisha upande uliobaki. China ilifunga mipaka mwezi Machi 2020 na haikuifungua tena mpaka Januari 2023. Bibi hawakuja. Wodi ikajaa wazazi wa Kichina wenye waume walioshika simu, na kwenye simu uso wa mama uliojaa kioo kizima, ukielekeza: weka tangawizi zaidi, geuza moto, usimpe hiyo. Waume walipika. Wahandisi waliokuwa hawajawahi kukata kitunguu walileta supu imeungua, na wake zao waliinywa yote. Wakunga wetu walianza kuuliza maswali ya kweli wakati ule, labda kwa kuwa wao pia walikuwa hawajawaona mama zao. Mmoja wao, binti wa Yorkshire, aliniambia kwamba baada ya kumzaa mwanawe alikula biskuti wima jikoni kwa siku nyingi na akadhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Jambo hili lina sura yake kinyume. Rafiki yangu Mwingereza alizalia Chengdu, China, mumewe akifundisha huko. Alitoka na mtoto siku ya kumi, hali ya hewa nzuri, mtoto bila soksi. Njiani alisimamishwa na wanawake asiowajua, kila mmoja akigusa mguu wa mtoto na kumgombeza. Mmoja alivua skafu yake akamfunga. Alirudi nyumbani analia kwa hasira: wameniona mama mbaya, wameingilia maisha yangu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia kwamba kwetu pia, mtoto anayepita barabarani ni mtoto wa barabara ile, na mwanamke aliyetoa skafu hakutoa hukumu. Hakuafiki yote. Alisema angependa waulize kwanza. Naye ana haki, kwa sababu mwanamke aliyekulia mahali ambapo mwili wa mtu ni wake peke yake huumia kweli unapoguswa bila ruhusa.

Nimewaomba wakubwa wangu wa kazi wabadilishe kitu kimoja kwenye karatasi ya kumtolea mzazi hospitali. Kwa sasa tunauliza kama amekojoa, kama ametembea, kama ameoga, kama mtoto amenyonya. Nataka kabla ya hayo tuulize: nani atakupikia wiki hii? Mzazi kutoka Guangdong atajibu kwa kutaja majina, na hata akiwa amelala na kofia kichwani nitajua kazi yangu kwake ni miguu aichezeshe, mshono ausafishe, dirisha lifunguliwe. Mzazi Mwingereza kitanda cha pili anaweza kusema hana mtu, mume anarudi kazini Jumatatu. Huyo ndiye nitakayemwombea mkunga wa mtaa amtembelee kwanza kesho asubuhi, hata kama ameshasimama, ameoga na kuchana nywele.